Zinji Alisingiziwa! Meno Yatoboa Siri ya Mlo Wake

Mjini hapa ukiwa na mwili mkubwa, watu watasema unakula sana. Ukiwa mwembamba, utaulizwa kama kwenu kuna njaa. Ukipendeza basi una hela, hata kama shati lenyewe ni la mtumba na nauli ya kurudia nyumbani umekopa. Ndivyo tulivyo binadamu. Tunamsoma mtu kwa sura, halafu tunafunga jalada.

Sasa kama ulidhani tabia hiyo ni ya vijiweni tu, umenoa. Wanasayansi wakubwa, wenye digrii zao za kutosha, walimfanyia hivyo hivyo jamaa mmoja wa hapa hapa Tanzania. Walimwangalia taya, wakamwangalia magego, wakambandika jina la utani. Jina hilo akalibeba karibu miaka 50 bila mtu kumuuliza yeye mwenyewe. Alipokuja kuulizwa, kumbe mambo yalikuwa mengine kabisa!

Jamaa mwenyewe ni Zinjanthropus, yule wa Bonde la Oldupai, ambaye kila aliyekaa darasani Tanzania amewahi kulisikia jina lake. Sisi hapa tumwite Zinji, maana ni mwenyeji wetu.

ALIVYOPATIKANA

Ilikuwa Julai 17, 1959. Dk. Louis Leakey na mkewe Mary walikuwa wamechimba Oldupai kwa miaka mingi, kwenye jua kali na vumbi lisilo na huruma. Siku hiyo mzee Louis alikuwa kambini, mafua yamemlaza. Mama Mary akatoka na mbwa wake kwenda kuangalia angalia, akaona kitu kimechomoza ardhini. Kuinama vizuri, meno! Magego makubwa ajabu, yamekaa kwenye taya la juu.

Fuvu lenyewe lilikuwa limevunjika vipande vipande, ikabidi waviunganishe kimoja kimoja kama mtu anayegundisha chungu cha bibi kilichoanguka. Louis akalipa jina la Zinjanthropus boisei. "Zinj" ni jina la zamani ambalo Waarabu waliliita pwani hii ya Afrika Mashariki, na "boisei" ni shukrani kwa Charles Boise, mfanyabiashara aliyetoa fedha za uchimbaji. Mwaka 1961 vipimo vya majivu ya volkano vikaonyesha kwamba Zinji aliishi kama miaka milioni 1.75 iliyopita. Dunia nzima ikashangaa. Siku hizi wataalamu wengi humwita Paranthropus boisei, lakini ni yule yule.

Ieleweke mapema kwamba Zinji si babu yetu wa kutuzaa. Yeye ni wa upande wa pili wa ukoo, tuseme binamu. Tawi lake lilikwenda njia yake na likaishia huko huko.

JINA LA UTANI LATOKA WAPI?

Hebu weka vidole kwenye panja zako, hapo pembeni ya paji la uso. Sasa tafuna, hata kama huna kitu mdomoni. Umesikia panavyocheza? Huo ni msuli wa kutafunia, umepanda kutoka kwenye taya.

Kwa Zinji msuli huo haukuishia kwenye panja. Ulipanda mpaka utosini, ukajishika kwenye ukingo wa mfupa uliosimama katikati ya kichwa kama kilemba cha jogoo. Mifupa ya mashavu ilitanuka kwa pembeni kuacha nafasi ya msuli huo kupita. Magego yake yalikuwa makubwa kuliko ya jamaa yeyote wa ukoo wetu anayejulikana, na ngozi ngumu ya jino, yaani enameli, ilikuwa nene kupita zote. Kinyume chake, meno ya mbele yalikuwa madogo tu, kama hayamo.

Mtu akiwa na mdomo kama huo, wewe ungefikiri anakula nini? Ndiyo hivyo hivyo walivyofikiri wao. Wakasema huyu bila shaka alikuwa akipasua kokwa na mbegu ngumu kama jiwe. Magazeti ya Ulaya yakadaka, na Zinji akaitwa Mpasua Kokwa. Vitabu vikachapwa, picha zikachorwa, walimu wakafundisha. Kesi imekwisha, mshitakiwa hakufika mahakamani.

Lakini ngoja. Mwili unaonyesha mtu anaweza kufanya nini. Hausemi anafanya nini kila siku. Chukua gorila. Meno yake yametengenezwa vizuri kabisa kwa kukatakata majani magumu, ila akipata matunda laini yaliyoiva, majani anayapa mgongo. Ukiwa na gari la kwenda kasi 200 kwa saa haina maana kila siku unakwenda 200. Foleni je?

SHAHIDI WA KWANZA: MIKWARUZO

Kwa bahati nzuri meno hayana usahaulifu. Enameli ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Nyama huoza, mifupa huliwa na fisi, jino hubaki. Na tofauti na ngozi ya mkono wako, enameli ikikwaruzika haioti nyingine. Inakaa na alama yake.

Chakula kigumu kama kokwa, kikibanwa katikati ya magego, huacha vishimo vidogo vidogo. Majani yenye nyuzi, yanayosagwa kwa kwenda na kurudi, huacha mikwaruzo. Huwezi kuiona kwa macho, lazima hadubini. Wataalamu huchukua nakala ya jino kwa ile dawa laini ambayo daktari wa meno anakung'atisha akitaka kukutengenezea jino la bandia, kisha nakala hiyo ndiyo inapelekwa kwenye mashine. Jino lenyewe linabaki salama.

Mwaka 2008 Peter Ungar wa Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, na wenzake Frederick Grine na Mark Teaford, wakatoa matokeo ya magego ya akina Zinji saba kutoka Ethiopia, Kenya na Tanzania. Walitegemea kukuta vishimo vya mpasua kokwa. Wapi! Hakuna hata mmoja kati ya wale saba aliyekuwa na vishimo vikubwa kama vya nyani wanaokula vitu vigumu. Palikuwa na mikwaruzo midogo midogo tu.

Ila tusimpe shahidi huyu sifa zote. Alama hizi hufutika na kuandikwa upya kadiri mtu anavyoendelea kula, kwa hiyo zinaeleza habari za siku au wiki za mwisho za maisha yake. Pengine wale saba wote walikufa nje ya msimu wa kokwa? Wengine wakabisha zaidi, wakasema mikwaruzo huletwa na vumbi na mchanga ulioshika kwenye chakula. Aliyewahi kula mchicha usiooshwa vizuri anajua ninachosema. Kwa hiyo akatafutwa shahidi wa pili, tena mwenye kumbukumbu ndefu zaidi.

SHAHIDI WA PILI: NDANI YA JINO

Hapa tulia kidogo, maana ndipo penye utamu.

Mimea yote huvuta kaboni kutoka hewani. Kaboni hiyo ipo nyepesi, ambayo ndiyo nyingi, na ipo nzito kidogo, ambayo ni haba. Miti, vichaka na matunda mengi huikwepa sana ile nzito. Nyasi za nchi za joto haziikwepi kiasi hicho. Ukila mmea, kaboni yake inakuwa mwili wako, na sehemu inafungiwa ndani ya jino wakati jino linajengwa. Twiga anayekula majani ya miti ana saini yake, na punda milia anayekula nyasi ana saini yake. Huwezi kuwachanganya.

Mahindi nayo yamo kwenye kundi la nyasi, pamoja na mtama, uwele, ulezi na miwa. Mchele, ngano, maharage, muhogo na ndizi vimo kundi la miti. Ndiyo maana mwaka 1977 wanasayansi Vogel na van der Merwe waliweza kutumia mifupa ya Wahindi Wekundu wa New York kuonyesha walianza lini kula mahindi. Kabla ya hapo mifupa ilisema miti, baadaye ikaanza kusema mahindi.

Huyo huyo Nikolaas van der Merwe ndiye aliyekuja kushirikiana na Profesa Fidelis Masao, Mtanzania mwenzetu, na mtaalamu wa mimea Marion Bamford, kupima meno ya kale ya Tanzania. Walipima ya jamii ya Zinji mbili. Kumbuka taya la chini la Peninj, karibu na Ziwa Natron, ambalo Mkenya Kamoya Kimeu aliliokota mwaka 1964, nalo ni la jamii hiyo. Majibu yakatoka mwaka 2008: asilimia 77 kwa mmoja na 81 kwa mwingine ya chakula chao ilikuwa ya kundi la nyasi!

Watu wakasema, aa, hao ni wawili tu. Sawa. Mwaka 2011 timu ya Thure Cerling, iliyokuwa na Wakenya Emma Mbua, Francis Kirera na Fredrick Manthi, ikapima meno 24 ya watu 22 wa jamii hiyo kutoka Kenya. Wastani ukawa asilimia 77. Wa chini kabisa alikuwa na 61, wa juu 91. Yaani Zinji amekaa benchi moja na punda milia, kiboko na ngiri. Kokwa za mitini hazikuwa mlo wake wa kila siku.

Na hapa kumbukumbu ni ndefu. Enameli haijengwi kwa wiki moja, inajengwa kwa miaka. Huwezi kusema amekutwa siku mbaya.

SASA ALIKULA NINI HASA?

Msomaji mjanja ameshainua mkono. Anauliza: kama saini ya nyasi inaingia mwilini kwa kula, je mtu akila nyama ya swala aliyekula nyasi? Swali zuri. Nayo inaingia. Kaboni peke yake haiwezi kutofautisha mla nyasi na mla mla nyasi. Lakini angalia meno ya Zinji. Mapana, bapa, kama jiwe la kusagia. Hayana makali ya kukata nyama. Ukichanganya na ile mikwaruzo, picha inaelekea kwenye mimea.

Mimea ipi? Hapo ndipo wakubwa bado wanavutana. Wapo wanaosema nyasi zenyewe na mbegu zake. Timu ya Masao na wenzake ilielekeza kidole kwenye mafunjo, yale yanayoota kwenye madimbwi na mabwawa, maana shina lake la chini linalika. Mwaka 2014 Gabriele Macho wa Chuo Kikuu cha Oxford akaja na jibu ambalo mkulima yeyote wa Bongo atacheka akilisikia: ndago!

Ndiyo, jamii ya ndago, yale magugu yanayokutesa shambani, ukilima leo kesho yamerudi. Aina moja ina viazi vidogo kama karanga kwenye mizizi, vyenye wanga na mafuta. Hispania wanavitengenezea kinywaji baridi na watu wanakunywa kwa starehe. Macho aliangalia jinsi nyani wa Amboseli, Kenya, wanavyokula, akapiga hesabu kwamba Zinji angeweza kupata asilimia 80 ya nguvu alizohitaji kwa siku kwa kutafuta viazi hivyo kwa saa mbili na nusu mpaka tatu. Vinatafunwa kwa muda mrefu na kwa nguvu, na vina udongo.

Mafunjo, nyasi au ndago, vyote vinatoa maana mpya ya lile taya. Halikuwa nyundo ya kuvunjia. Lilikuwa kinu cha kusagia. Enameli ile nene ni kama tairi la lori. Fundi haweki tairi nene ili ugonge mawe, anaweka ili lisiishe mapema kwenye barabara ndefu yenye kokoto. Zinji alikuwa na safari ndefu ya kutafuna kila siku.

Na usidhani wote wa sura hiyo walikula hivyo. Kule Afrika Kusini kuna binamu yake wa karibu, Paranthropus robustus, naye ana mashavu mapana na magego makubwa. Ukiwaweka pamoja utasema pacha. Lakini saini ya nyasi kwake ni kama theluthi moja tu ya mlo, na meno yake ndiyo yenye vishimo vya vitu vigumu. Sura moja, vyakula viwili. Sasa nani anayeweza tena kumtazama mtu shavu akasema anajua anachokula?

JIRANI ALIYECHANGANYA

Oldupai hiyo hiyo, enzi hizo hizo, aliishi jamaa mwingine, Homo habilis, ambaye mifupa yake ilianza kuonekana mwaka 1960 na akapewa jina mwaka 1964. Huyu alikuwa na meno madogo na ubongo mkubwa zaidi. Timu ya Masao ilipima meno ya watatu, na saini ya nyasi ikacheza kati ya asilimia 23 na 49. Kwa lugha ya mtaani, huyu alikuwa mtu wa mchanganyiko. Leo hiki, kesho kile, akikosa hapa anahamia pale.

Mmoja wa jamii ya mchanganyiko ndiye mwenye wajukuu wanaosoma gazeti hili. Ukoo wa Zinji ulitoweka yapata miaka milioni 1.2 iliyopita. Rahisi kusema alikufa kwa kung'ang'ania sahani moja, na wapo wanaosema hivyo. Lakini tusirudie kosa la kuhukumu haraka. Ukoo wake ulidumu zaidi ya miaka milioni moja. Sisi wenye simu na lami, binadamu wa sura hii, tuna kama miaka laki tatu tu. Tukimcheka, tumcheke kwa adabu.

Tena mwaka 2023 kukatoka habari nyingine ya Nyayanga, magharibi mwa Kenya. Pale yalipatikana magego mawili ya jamii ya Paranthropus mahali pamoja na zana za mawe na mifupa ya kiboko yenye alama za kukatwa, vya kati ya miaka milioni 2.6 na 3. Nani alizishika zana hizo haijathibitishwa. Lakini yule tuliyeambiwa ni taya tu bila akili, sasa ameingia kwenye orodha ya watuhumiwa wa ufundi.

NA WEWE JE?

Jino lako linaandika pia. Magego yako ya kwanza yalianza kujengwa karibu na siku uliyozaliwa, yakamalizwa ukiwa mtoto mdogo. Kama ulikulia kwa uji wa mahindi na ugali, saini ya nyasi imo humo na haifutiki. Unaweza kuhamia mjini, ukajifanya hujui sembe ni nini, ukaagiza pizza na kushika uma kwa mkono wa kushoto. Sawa, jidai. Miaka milioni moja ijayo atakuja mtu na kimashine chake, akachukua unga kidogo wa gego lako, akasema: huyu alikuwa mtu wa dona.

Na kama kila siku ni soda na pipi, hilo litaonekana bila mashine. Zinji hakuwa na sukari ya dukani. Sisi tunayo, na matundu tunayo.

Fuvu lenyewe la Zinji lilirudi nyumbani mwaka 1965 na limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Ukipanda basi la kupitia Ngorongoro na Serengeti, pale njia panda ya Oldupai utaona mafuvu mawili makubwa ya kujengwa, yaliyosimamishwa mwaka 2019. Moja ni la Zinji, lingine la jirani yake Homo habilis. Abiria wengi hupiga picha na kupita. Safari nyingine ukifika hapo mwangalie yule mwenye mashavu mapana, umpe heshima yake. Alisingiziwa karibu nusu karne na hakuwa na mdomo wa kujitetea, ila meno.

Na kesho kijiweni, kabla hujasema "yule anaonekana tu", kumbuka kwamba kuonekana si ushahidi.

Haya, mswaki huo!